x264, x265, AV1 au chipu ya kadi: kipi kibane vidio ya harusi?

x264 na x265 ni enkoda, yaani programu za kubana vidio ili faili lipungue; AV1 ni namna mpya zaidi ya kubana. Kwa mwenye haraka: vidio inayokwenda mikononi mwa watu ibane kwa x264. Nakala ya kuhifadhi, x265 ya biti 10. AV1 itumie pale faili moja litakaposhushwa na watu wengi kwa bando zao. Chipu ya kadi ya michoro (NVENC, Quick Sync au VideoToolbox) iache kwa siku ambayo wenye harusi wanataka kuona kipande kabla wageni hawajaondoka ukumbini. Yanayofuata ni sababu, amri zenyewe, na mambo yanayoharibika.

Amri zote ni za ffmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Windows, Linux na Mac amri ni zilezile, isipokuwa pale nitakapotaja. Kwanza angalia toleo lako lina enkoda zipi:

`ffmpeg -hide_banner -encoders`

Tafuta libx264, libx265 na libsvtav1 (SVT-AV1, enkoda ya AV1). Ikikosekana moja, kompyuta yako haina kosa. Toleo ulilonalo limejengwa bila hiyo, basi shusha jengine lililo kamili. Kwa upande wa chipu, kuiona h264_nvenc katika orodha hakuthibitishi kuwa kadi yako inaiweza. Jaribu sekunde kumi uone kama inakubali.

Kuna sababu nyengine ya kufanya kazi hii kwenye mashine yako badala ya kupeleka faili kwenye tovuti za kubania vidio. Harusi zetu zina sehemu za wanawake peke yao, wamevua mabuibui na wamejiachia wenyewe kwa wenyewe. Picha hizo ni amana. Hazifai kupita kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, hata kwa saa moja.

Anza na kifaa cha anayepokea

Harusi ya Unguja au Pemba haimalizikii pahala pamoja. Wazee wanataka flashi ya kuchomeka kwenye TV, na pengine flashi hiyo itapanda boti kwenda Mkoani au Wete. Ndugu wa Maskati, Dubai na London wanataka faili kwa simu. Studio inataka nakala ya kuweka kwenye eksteno. Na kipande cha dakika nne au tano huenda kikarushwa YouTube. Amri moja haiwatoshelezi wote hawa, na anayelazimisha itoshe ndiye anayepigiwa simu Jumatatu asubuhi: "Mwanangu, sauti inasikika lakini picha hakuna."

| | x264 | x265 | SVT-AV1 | Chipu |
|---|---|---|---|---|
| Kiwango | H.264, 2003 | H.265, 2013 | AV1, 2018 | H.264 au H.265, AV1 kwa kadi mpya |
| Ubora wa kuanzia, 1080p (CRF na CQ ni namba za ubora) | CRF 21 | CRF 20 hadi 23 | CRF 30 | CQ 21 hadi 23 |
| Muda wa kubana | wa wastani | mara kadhaa ya x264 | kutegemea namba ya preset (ngazi ya kasi) | mfupi kuliko zote |
| TV ya zamani kwa flashi | ndiyo | mara nyingi hapana | hapana | ndiyo, ikiwa ni H.264 |
| Mahali pake | flashi, WhatsApp, kila mtu | kuhifadhi, TV za 4K | kushushwa na wengi | kipande cha siku hiyohiyo |

Usilinganishe namba za CRF za enkoda mbili. CRF 23 ya x264 na CRF 23 ya x265 ni vitu viwili, kila mmoja ana kipimo chake. Zinafanana jambo moja tu: namba ikipungua ubora unapanda na faili linakua. x264 ina kipimo cha 0 hadi 51, na usipoandika kitu inachukua 23. x265 inachukua 28. SVT-AV1 inakwenda hadi 63 na yake ni 35.

x264: chaguo la flashi

Amri inayofaa kwa harusi ya 1080p ya fremu 25 kwa sekunde:

`ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx264 -preset slow -crf 21 -profile:v high -level 4.1 -refs 4 -maxrate 12M -bufsize 24M -pix_fmt yuv420p -x264-params aq-mode=3 -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi-tv.mp4`

Kila neno hapo lina kazi yake. `-pix_fmt yuv420p` ndilo linalosahauliwa zaidi. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi 4:2:2 ya biti 10 (namna ya kuhifadhi rangi kwa undani zaidi). Usipoliandika, na ukaacha pia `-profile:v high`, x264 itaihifadhi namna hiyohiyo, kompyuta yako itacheza vizuri sana, na TV ya mteja itatoa kiza. `-level 4.1` na `-refs 4` vinaiweka vidio ndani ya mipaka ambayo chipu za TV zinaijua. Kwa vidio ya fremu 50 andika 4.2. Ukichukua preset ya `veryslow` bila kudhibiti refs, inatumia fremu 16 za kurejelea, na TV inakwama.

`-maxrate` inahusu pale bibi harusi anapoingia. Karatasi za kumeta zinarushwa, taa zinazunguka, nakshi za kumeta za nguo zinawaka. CRF peke yake inajitahidi kulinda ubora na kasi ya biti (wingi wa data kwa sekunde) inapaa ghafla, flashi ya bei rahisi inashindwa kusomeka kwa kasi hiyo na picha inakatakata. Megabiti 12 kwa sekunde zinatosha kwa 1080p na flashi yoyote inazimudu.

Na sauti usiibane sana. Ukiwa umerekodi taarab kutoka kwenye mixa, qanuni na fidla ndizo za kwanza kuharibika kwa AAC ya 96k. 192k haiongezi hata megabaiti 100 kwa saa.

Sasa flashi yenyewe. Nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la kufikia gigabaiti 4. Ukibadilisha kuwa exFAT, baadhi ya TV hazitaisoma. Basi hesabu: harusi ya saa tatu ni sekunde 10,800. Gigabaiti 4 ni kilobiti 32,000,000. Gawa, unapata kilobiti 2,963 kwa sekunde. Toa 192 za sauti na acha nafasi kidogo, inabaki 2,700 kwa picha. Ili kugonga ukubwa huo hasa, tumia mapito mawili (enkoda inaipima vidio kwanza, kisha inaibana) badala ya CRF:

`ffmpeg -y -i harusi.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset slow -b:v 2700k -pix_fmt yuv420p -pass 1 -an -f null /dev/null`

`ffmpeg -i harusi.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset slow -b:v 2700k -pix_fmt yuv420p -pass 2 -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi-fat32.mp4`

Kwenye Windows badala ya `/dev/null` andika `NUL`. Mipangilio ya picha lazima ifanane katika mapito yote mawili. 720 imewekwa kwa makusudi: kilobiti 2,700 kwa 1080p yenye ngoma na taa ni chache mno, utaona vigae, yaani miraba ya picha iliyovunjika, usoni mwa watu. Na `-2` inahakikisha upana unagawanyika kwa mbili. Ukiandika `-1` na hesabu ikatoa namba witiri, x264 inakataa na kusema upana haugawanyiki kwa 2.

Hata hivyo, kama mteja hajali kuwa na faili mbili, usimbane namna hii. Tenga nikaha kwenye faili moja na ukumbini kwenye jengine, kila moja kwa CRF 21 na 1080p, huku ukihakikisha hakuna linalofika gigabaiti 4. Picha itakuwa bora zaidi kuliko saa tatu zilizosukumwa ndani ya faili moja.

x265: weusi wa mabuibui

Chukua kipande kimoja: kina mama wamekaa safu, mabuibui meusi, ukumbi una taa za zambarau na buluu, ukuta wa nyuma kiza. Kwa x264 ya biti 8 eneo hilo linapasuka vigae vyeusi vinavyochezacheza, na mwanga wa zambarau ukutani unageuka mistari kama ngazi. Sababu ni kwamba biti 8 zina ngazi 256 tu za mwanga, na ngazi zinazobaki kwa sehemu za kiza ni chache. Juu ya hilo, enkoda huona kiza kama mahali pasipo na kitu, ikapanyima biti na kuzipeleka kwenye nguo zinazometa. Ndiyo maana `aq-mode=3` imo katika amri ya x264: inairudishia sehemu ya kiza biti zake.

x265 inapiga hatua nyengine kwa sababu inaweza kubana kwa biti 10, ngazi 1,024, na vifaa vingi vinavyocheza H.265 vinaikubali biti 10. Faida inapatikana hata kama kamera ilirekodi biti 8, maana hesabu za ndani za enkoda hazipotezi desimali kwa kukadiriwa. Mistari iliyotoka na kamera yenyewe, lakini, haitafutika.

`ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx265 -preset slow -crf 20 -pix_fmt yuv420p10le -x265-params aq-mode=3:no-sao=1 -c:a copy harusi-hifadhi.mkv`

`no-sao=1` imewekwa kwa ajili ya nakshi. Chujio la SAO linalainisha kingo, na kwenye lesi, hina na maua ya kanga linasugua hadi vinakuwa kama vimepakwa mafuta. Ukibana kwa CRF kubwa, 26 kwenda juu, usilizime, kwani hapo linaficha kasoro kubwa zaidi.

Kiwango cha H.265 kilibuniwa kwa lengo la kutoa ubora wa H.264 kwa karibu nusu ya biti. Kwa 4K unaweza kukaribia hapo. Kwa 1080p ya ukumbini yenye chenga usitarajie nusu. Lakini fikiria kamera ya megabiti 50 kwa sekunde: saa moja ni gigabaiti 22.5. Kwa studio yenye harusi kila wiki, kubana kwa x265 ya CRF 20 kunaokoa eksteno nyingi, na unayo bado picha ya kukatia kitu mwakani.

Usimpe mteja bila kuuliza TV yake. Ukiitoa kwa MP4 ongeza `-tag:v hvc1`, la sivyo iPhone na Mac hazitaifungua ingawa kilichomo ni kilekile. Kompyuta za Windows nazo huenda programu yao ya kawaida ikadai kiongezi cha HEVC (jina jengine la H.265). VLC inafungua bila maneno.

AV1: fanya hesabu kwanza

`ffmpeg -i kipande.mkv -c:v libsvtav1 -preset 6 -crf 30 -g 250 -pix_fmt yuv420p10le -c:a libopus -b:a 128k kipande-av1.webm`

Kwa biti chache AV1 ndiyo inayong'ara: pale x264 inapoanza kutoa vigae, AV1 bado picha ni safi. Preset zake ni namba; ndogo ni ya polepole. 6 ni mahali pazuri pa kukaa, chini ya 4 laptopu ya kawaida itakesha.

Wengi wanaichukua kwa ajili ya kurusha YouTube, na hapo sikubaliani nao. YouTube inaibana upya kila unachopeleka, kwa hiyo ulichookoa ni muda wa kurusha tu. Tuseme x264 imekupa megabaiti 1,000 na AV1 imekupa 600, na mtandao wako unarusha megabiti 4 kwa sekunde. Tofauti ya megabaiti 400 ni sekunde 800, dakika 13 na kidogo. Ikiwa AV1 imekuchukulia saa moja zaidi kubana, umepata hasara, na YouTube imepokea picha iliyobanwa zaidi. Huko peleka x264 ya CRF 17 au 18.

Hesabu inageuka faili linaposhushwa na wengi. Kiungo kinachofunguliwa na ukoo mzima, au mafunzo ya skuli yanayosambazwa kwa simu, kila megabaiti unayopunguza inapunguzwa kwenye bando la kila mmoja. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zinaisoma AV1 hata bila chipu maalumu, ingawa kwa 1080p betri italiwa. Upande wa iPhone, chipu ya kuisoma ilianza na iPhone 15 Pro ya 2023. Weka kiungo cha x264 pembeni kwa wenye simu za zamani.

Chipu ya kadi

Hizi ni za haraka kwa sababu kazi inafanywa na sehemu maalumu ndani ya chipu, processa inabaki huru. Gharama yake ni kwamba kwa ukubwa uleule wa faili, picha haifiki ya x264 `slow`. Mpe biti zaidi, itakaribia.

NVIDIA: `-c:v h264_nvenc -preset p6 -tune hq -rc vbr -cq 22 -b:v 0`

Intel: `-c:v h264_qsv -preset slow -global_quality 22`

Mac zenye chipu ya M: `-c:v h264_videotoolbox -q:v 65`, ambapo namba kubwa ndiyo ubora.

Ukisahau `-b:v 0` kwenye NVENC, kasi ya biti ya kawaida inaweza kuizuia CQ, na utashangaa kwa nini kubadilisha namba hakubadilishi kitu. Chipu pia ina faida ya joto. Katika chumba cha Mlandege mchana wa Februari, laptopu inayobana x265 inapata moto na kujipunguzia kasi yenyewe. Kwa Quick Sync inapumua.

Kwa kipande cha WhatsApp, chipu yoyote au x264 `medium` inatosha, muhimu ni namna ya kutuma. Ukituma kama vidio ya kawaida, WhatsApp inaibana tena. Tuma kama dokumenti, faili linafika lilivyo, hadi gigabaiti 2.

Yanayoharibu kabla enkoda haijafika

Hakuna enkoda inayoponya chanzo kibovu, basi kitazame chanzo kwanza:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,width,height,pix_fmt,field_order,avg_frame_rate,r_frame_rate,color_transfer -of default=nw=1 chanzo.mts`

`field_order` ikisema `tt`, `bb`, `tb` au `bt`, picha ni ya mistari inayopishana, kama kamera nyingi za zamani za AVCHD na kanda za 720x576. Ukiibana hivyohivyo, kila anayecheza msewe atakuwa na meno ya kitana mikononi. Ongeza `-vf bwdif=mode=send_field` upate fremu 50 laini kwa ngoma, au `send_frame` upate 25. Kanda za Mini-DV zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta zihifadhi kwa `-c copy`. Saa moja ni kama gigabaiti 13 na hakuna haja ya kuzibana tena.

`color_transfer` ikisema `arib-std-b67`, ni HDR (picha yenye mwanga mpana kuliko kawaida) ya aina ya HLG, mara nyingi kutoka iPhone. Ukiitoa kama vidio ya kawaida bila kugeuza rangi, itakuwa imepauka. Kama toleo lako lina zscale:

`-vf zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p`

`avg_frame_rate` na `r_frame_rate` zikitofautiana, simu imerekodi kwa mwendo usio sawa. Ukiichanganya na kamera, midomo itaachana na sauti kadiri vidio inavyokwenda. Isawazishe kwanza kwa `-fps_mode cfr -r 30` (toleo la kabla ya 5.1: `-vsync cfr`), ukiweka mwendo ulio karibu na wa simu yenyewe.

Na umeme. MP4 inaandika orodha yake ya fremu mwishoni. Umeme ukikatika asilimia 95 ya kazi, faili zima halifunguki. MKV inafunguka mpaka pale ilipofikia. Kwa hiyo kazi ndefu itoe kwanza kwa MKV, kisha igeuze bila kubana upya:

`ffmpeg -i harusi-tv.mkv -c copy -movflags +faststart harusi-tv.mp4`

Kujaribu dakika moja

Kabla ya kuacha mashine usiku kucha, kata dakika moja iliyo ngumu kuliko zote: bibi harusi anaingia, taa zinazunguka, mabuibui nyuma. Weka `-ss 01:12:00 -t 60` kabla ya `-i`, toa kipande hicho kwa x264 CRF 19, 21 na 23, na x265 CRF 20 na 23. Zidisha ukubwa wa kila kimoja kwa dakika za harusi nzima. Makadirio yatazidi ukubwa halisi, kwani sehemu nyengine ni tulivu zaidi. Andika pia muda uliotumika.

Ukitaka namba ya ubora, kipimo cha VMAF cha Netflix kimo katika matoleo kamili ya ffmpeg. Kilichobanwa kinatangulia, asili inafuata, na vyote viwe na ukubwa na idadi sawa ya fremu:

`ffmpeg -i iliyobanwa.mp4 -i asili.mkv -lavfi libvmaf -f null -`

VMAF haioni vizuri mistari ya ukutani na vigae vya kiza, ambavyo ndivyo vinavyoharibu harusi zetu. Ikikupa alama 95 usiridhike. Peleka kipande kwenye TV, si laptopu, zima taa ya chumba, simama hatua mbili kutoka kwenye kioo na tazama mabega ya waliovaa nyeusi. CRF ya juu kabisa ambayo mabega hayo hayachezi ndiyo CRF yako kwa ukumbi ule na kamera ile. Ukibadilisha taa au kamera, pima upya.